Tupeane uzoefu: kuendesha tawi la chama cha mrengo wa kati kwenye kaunti

Katibu wa Nyalenda
Wadau, kuna chama kipya kinatafuta makatibu wa kaunti hapa Kisumu. Sifa wanazotaka ni kujua kuhutubia na kuhamasisha. Kuweka daftari hakujatajwa popote, na matawi hufia papo hapo. Chama chenye msimamo mkali kinaweza kuishi kwa jukwaa na spika. Chama cha katikati, kinachotaka mwalimu, mchuuzi wa soko la Kibuye na mkulima wa miwa wa Muhoroni wakae meza moja, kisipokuwa na rekodi safi kila upande utasema kimenunuliwa na ule mwingine.

Kifungu cha 17 cha Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 kinadai rekodi ziwekwe makao makuu NA katika kila ofisi ya kaunti: daftari la wanachama, nakala ya katiba ya chama, sera na mipango, michango yote iliyopokewa au kuahidiwa, makadirio ya matumizi, orodha ya mali, vitabu vya hesabu. Waliofanya kazi hii kwa muda, mwageni mnachojua.

Fundi wa Daftari, Lurambi
Umegusa penyewe, ndugu katibu. Ili chama kipate usajili kamili kinahitaji wanachama wasiopungua 1,000, wote wapiga kura waliosajiliwa, katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hivyo ni 24 kwenda juu. Mtu akisikia 1,000 anaona ni mchezo. Kakamega ina wadi 60, ukigawanya ni kama watu 17 kila wadi. Mbona matawi hukwama?

Hukwama kwa sababu majina hukusanywa mkutanoni. Karatasi inazungushwa, watu wanaandika "Mama Brayo" na nambari ya simu ya jirani. Fomu ya kufaa iwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, eneobunge, wadi, simu, tarehe, na sahihi au alama ya kidole. Mtu mmoja, fomu moja. Usikubali orodha ya majina ishirini yenye sahihi zinazofanana.

Kisha kuingiza kwenye kompyuta. Kabla ya kuandika chochote kwenye Excel, chagua safu ya simu na safu ya kitambulisho uzigeuze ziwe maandishi. Usipofanya hivyo, 07 inabaki 7, na kitambulisho kinachoanza na sifuri kinapungua tarakimu. Ukipeleka orodha kama hiyo, mistari inakataliwa na wewe hujui kwa nini. Tarehe nazo: wengine wataandika siku kwanza, wengine mwezi kwanza. Weka mtindo mmoja ukutani mbele ya waandikaji wote.

La tatu ni uanachama wa vyama viwili. Sheria hairuhusu mtu kuwa wa vyama viwili kwa wakati mmoja, na wengi wako kwenye daftari la chama kingine bila kujua. Mwaka wa 2021 Wakenya walipoanza kukagua majina yao mtandaoni, kilio kilisikika nchi nzima. Kabla ya kumwandikisha mtu, mwombe aingie eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ajikague mwenyewe. Akiwa huko kwingine, aandike barua ya kujiuzulu kwa chama kile, na Msajili wa Vyama vya Kisiasa ajulishwe ndani ya siku 7. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Wa Chavakali
Hiyo sifuri ya simu imetesa Vihiga nzima. Asante sana.

Mwana wa Kondele
Mimi naongeza hili: uza kadi ya uanachama. Hata kwa shilingi 50. Mtu aliyetoa 50 yake anajua amejiunga na chama gani. Anayepewa bure anachukua tano za vyama vitano.

Mama wa Ahero
Sikubaliani nawe, mwanangu. Huku vijijini shilingi 50 ni mboga ya jioni. Ukiweka bei, mgombea tajiri anawalipia watu 300, na daftari limekuwa lake. Kadi iwe bure ila fomu ijazwe na mwenyewe mbele ya karani wa wadi.

Mwana wa Kondele
Mama, hata ikiwa bure tajiri atawasafirisha kwa matatu. Tofauti ni nini?

Mama wa Ahero
Tofauti ni kwamba wa matatu anaweza kushuka akamchagua mwingine. Aliyelipiwa kadi ameshikwa.

Mwana Bondeni, Nakuru
Tuache kadi, tuje kwa ofisi. Mkataba wa kupanga uwe kwa jina la chama, na watie sahihi watu wawili, katibu na mwekahazina. Ukiandikwa jina la mwenyekiti, siku akihama anahama na viti, kompyuta na daftari, na mwenye nyumba hana kosa. Vilevile stima na laini ya simu ya ofisi. Bango la nje lilipiwe ada ya kaunti na risiti iwekwe kwenye faili, kwa sababu askari wa kaunti hawaulizi itikadi, wanang'oa.

Mikutano ya hadhara: notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya 14 kabla ya siku yenyewe. Andika jina na makazi ya mwandalizi, tarehe, saa na mahali. Mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Hapa Nakuru kuna maeneobunge 11 na wadi 55. Ukipanga mikutano miwili siku moja, Molo asubuhi na Naivasha alasiri, wa pili utachelewa hadi nje ya saa halali. Panga kwa barabara.

Kanduyi Juu
Yote hayo ni rahisi. Ngojeni mchujo, ile kura ya chama ya kuteua wagombea.

Nitaeleza jinsi unavyoharibika, kwa mfano wa kituo kimoja bonde la Kano, chama sikitaji. Kura ilitakiwa kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Lori moja lilipewa wadi zote tano za eneobunge. Lilipofika shule ya msingi ilikuwa saa tisa alasiri, watu wamekaa chini ya mti tangu alfajiri, wengine wamekunywa maji tu. Msimamizi akakata kamba ya katoni mbele ya umati. Karatasi ya juu ina majina ya wawaniaji wa wadi nyingine. Akafungua katoni ya pili. Wadi ni hiyo, lakini mwaniaji mmoja hayumo. Daftari la wanachama nalo ni la wadi jirani, kwa hivyo kila anayetoa kitambulisho anaambiwa hayuko.

Hapo ndipo sanduku liliinuliwa juu ya vichwa likaondoka. Mwalimu mkuu akafunga ofisi na karani ndani. Usiku matokeo yakatangazwa kwa simu, na kesho yake wawaniaji wawili walikuwa na cheti cha uteuzi cha kiti kimoja, vyote vina sahihi ya makao makuu.

Sababu haikuwa wizi uliopangwa. Orodha ilichapishwa bila tawi kuona nakala ya kwanza. Jina la mwaniaji lilikuwa kwenye barua pepe iliyotumwa baada ya kazi kwenda kwa mchapishaji. Daftari lilipangwa kwa alfabeti ya eneobunge zima, likakatwa katikati.

Wa Chavakali
Karani alitoka saa ngapi?

Obunga Kati
Na huyo aliyekosekana kwenye karatasi alifanya nini?

Kanduyi Juu
Karani alitolewa na polisi giza likiwa limeingia. Mwaniaji alilalamika kwa maandishi siku iyo hiyo, na alifanya vyema. Tiba ni hii: siku tatu kabla, kila wakala atie sahihi kwenye nakala ya karatasi ya kura na ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa daftari la wadi yake. Gari moja lisibebe zaidi ya wadi mbili. Lakiri, yaani zile za kufungia sanduku, ziwe na nambari, na mawakala waziandike kabla sanduku halijafunguliwa. Agiza karatasi asilimia 10 zaidi ya daftari kwa ajili ya zinazoharibika.

Fundi wa Daftari, Lurambi
Hizo asilimia 10 za ziada ndizo huingizwa sandukuni usiku. Agiza sawa na daftari, hata moja isizidi. Anayeharibu karatasi arudishe ile iliyoharibika apewe ya mwenzake asiyefika, baada ya foleni kuisha.

Kanduyi Juu
Omwami, ukimwambia mzee wa miaka 70 asubiri foleni iishe, anaenda nyumbani na hutamwona tena.

Mwana Bondeni, Nakuru
Ndiyo maana mabadiliko ya sheria ya 2022 yanaruhusu njia mbili, wanachama wote kupiga kura au wajumbe kuteua. Kwa chama kidogo, wajumbe. Watu 10 kutoka kila wadi, ukumbi mmoja, kura zinahesabiwa mchana wote wakiona.

Mama wa Ahero
Wajumbe 10 ni rahisi kununua kuliko wadi nzima. Hilo mnalijua wote.

Obunga Kati
Tusaidieni kwa rufaa. Mwaniaji aliyenyimwa cheti aanzie wapi?

Katibu wa Nyalenda
Aanzie ndani ya chama, kwa barua kwa kamati ya mizozo, apate muhuri. Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa litamwuliza ushahidi kwamba alijaribu kwanza huko. Asipokuwa na hiyo nakala, kesi inaweza kutupwa kabla mtu hajasikia habari ya karatasi za kura. Baada ya jopo kuna Mahakama Kuu. Abebe fomu ya matokeo yenye sahihi za mawakala, picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni na orodha ya nambari za lakiri. Mashahidi kumi wanaosema "tuliibiwa" hawatoshi.

Akitaka kuwa mgombea huru, Kifungu cha 85 cha Katiba kinamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Asisubiri Juni.

Dada wa Webuye
Hakuna aliyetaja akina mama. Uongozi wa chama hauruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya jinsia moja, na pesa za Hazina ya Vyama vya Kisiasa, angalau asilimia 30 ni za kuinua uwakilishi wa wanawake, vijana, wenye ulemavu na makundi madogo. Tawi liandike barua kila mwaka kuuliza makao makuu zimetumikaje, na barua iingie kwenye faili. Mikutano ya tawi nayo iwe saa nne asubuhi. Ikianza saa kumi na moja jioni, wanawake wa sokoni hawaji, kisha mnasema hawapendi siasa.

Wa Chavakali
Kweli kabisa, dada.

Mwana wa Kondele
Na miungano? Chama cha katikati huwindwa na pande zote mbili.

Kanduyi Juu
Bungoma tunaijua tangu chama cha FORD kigawanyike 1992, FORD-Kenya huku, FORD-Asili kule. Mkataba wa muungano unaofanywa kabla ya uchaguzi lazima uidhinishwe na uongozi wa kila chama, uonyeshe sheria za uteuzi na namna ya kutatua mizozo, na uwasilishwe kwa Msajili mapema, ndani ya muda wa sheria. Kwa 2027, tawi lidai nakala Januari na lisome sehemu ya uteuzi kwanza. Huko ndiko huandikwa wadi gani mnaachia wenzenu.

Obunga Kati
Katibu, tupandishie mfano wa ile fomu ya mwanachama tuchapishe huku.

Katibu wa Nyalenda
Naipandisha leo jioni, ukurasa mmoja wa A4, fomu mbili kwa karatasi ili kuokoa pesa ya kuchapa. Mkikata, kateni kwa rula.