Baba anaona ubao ulionyooka umepinda. Tumrudishe kwenye picha ya jicho?

BintiUjiji:
Wakubwa shikamooni. Baba yangu ana miaka 71, fundi mitumbwi Kibirizi tangu ujana. Mwaka jana alipigwa picha ya ndani ya jicho, akaambiwa makula, sehemu ya katikati ya pazia la nyuma ya jicho, imeanza kuchakaa kwa umri, ina vidoa vya njano, ila bado ni ile kavu; arudie picha. Hatukurudia. Hana maumivu, na nauli mnaijua.

Juzi nimemkuta anaranda ubao mpya. "Umepinda hapa katikati, huoni?" Nikavuta uzi juu yake: umenyooka kabisa. Kashaula karibu nusu. Usiku sikulala. Ile picha ya mwaka jana haitoshi?

NesiMacho_Tabora:
Dada, msisubiri hata mwezi uishe. Mwenye makula kavu akianza kuona mistari inapinda, huenda imegeuka ya majimaji: vimishipa vipya vimeota chini ya retina (hilo pazia la nyuma ya jicho), vinavuja, retina inainuka. Haiumi, ndiyo maana wazee wetu wanachelewa.

Picha ya zamani nendeni nayo, daktari ailinganishe. Lakini hiyo inaonyesha uso wa retina tu. Ulizeni kipimo cha OCT. Ni mwanga tu, hakuna mionzi, dakika chache anatazama alama ndani ya mashine. Inatoa picha kama chapati ya matabaka uliyoikata ukaitazama ubavuni. Maji yakiwepo katikati yanaonekana. Yakiwepo, kuna sindano za ndani ya jicho, kama bevasizumabu. Zinarudiwa, na OCT ndiyo inayosema kama maji yamekauka. Kilichokwisha kufa hakirudi, kwa hiyo wahini. Hospitali za KCMC Moshi na CCBRT Dar zina madaktari wa retina. Pigeni simu kwanza kuuliza kama mashine inafanya kazi.

Mwanga_Sokoni:
Mama yangu tulidhani ni mtoto wa jicho, tukapoteza miezi. Chukua daftari la hesabu lenye viboksi, tia nukta katikati. Avae miwani ya kusomea, afunike jicho moja, atazame nukta, kisha abadilishe. Akitumia yote mawili, zima linamfichia bovu. Na kama anavuta sigara, aache.

BintiUjiji:
Nimempima jioni hii barazani. Kulia sawa. Kushoto, viboksi vya katikati anasema vimebanwa kama wavu uliokunjamana, na nukta haioni. Akanyamaza, halafu akauliza ule ubao kauharibu kiasi gani. Nimeshapiga simu Moshi. Tunaondoka kesho alfajiri, bahasha ya picha iko kwenye mkoba wangu.