Maandishi ya Kichina kwenye mashine: nianzie wapi?

Fundi_Ngamiani
Habari zenu wadau. Natengeneza pampu za maji hapa Ngamiani, Tanga, na nyingi zinatoka China. Juzi mteja wa Pongwe kaleta pampu mpya, tangi limeandikwa 柴油 basi. Kijana ninayemfundisha kazi akamimina petroli, kumbe ni ya dizeli. Tumeifungua yote kuisafisha, siku ikaishia hapo, na mteja sikumtoza kitu. Chuoni nilisoma herufi 28 za Kiarabu nikamaliza. Hizi naambiwa ni maelfu. Kila moja ni picha ya kukariri peke yake?

Binti_Sahare
Pole fundi. Kichina nilikisoma, sasa nashughulikia makaratasi ya mizigo bandarini. Anza na hilo hilo tangi.

油 ni mafuta. Yale matone matatu ya kushoto, 氵, ni maji yaliyofupishwa: yanakuambia hiki ni kitu cha majimaji. Kulia kuna 由, hutamkwa "you", na 油 nayo hutamkwa "you". Upande mmoja maana, upande mmoja sauti. Herufi nyingi zimeundwa hivyo, kwa hiyo ukijua vipande hukariri upya kila mara.

Petroli ni 汽油, dizeli 柴油, oili 机油. Zote zinaishia na 油, basi jicho liwe kwenye ya kwanza. 汽 ni mvuke, ina matone yale yale. 柴 ni kuni, ndiyo maana mti 木 uko chini yake. Na 机, mashine, ina mti pia ila umesimama kushoto. Mwonyeshe kijana hapo hasa, ndipo atakapochanganya.

Mzee_wa_Chumbageni
Maandishi yao ya kale kabisa tunayoyajua yana zaidi ya miaka 3,000. Yalikutwa Anyang, mji wa China, yamechongwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya mabega ya ng'ombe. Ilikuwa ramli: mfalme anauliza kama mvua itanyesha, gamba linaunguzwa mpaka lipasuke, nyufa zinasomwa, swali linachongwa pale pale. Enzi hizo 水, maji, ilikuwa mkondo unaopinda na matone pembeni, na jua lilikuwa duara. Leo jua ni kisanduku, 日. Mwaka 221 KK mfalme Qin Shi Huang aliunganisha nchi, akataka wote waandike namna moja. Kuanzia 1956 serikali ikapunguza mistari: 電, umeme, iliyobeba mvua 雨 kichwani, ikawa 电. Hiyo utaiona kwenye mota.

Fundi_Ngamiani
Shikamoo mzee, na ahsante sana dada. Nimeziandika kwa chaki ukutani, kijana kazishika tatu zote kabla ya adhuhuri. Sasa kwenye bomba la pampu kuna 出水口. Ya katikati nimeitambua mwenyewe, maji! Hizo nyingine?

Binti_Sahare
口 ni mdomo. 出 ni kutoka. Zamani waliichora mguu ukitoka shimoni. Ni mdomo wa kutolea maji. Zungusha pampu, upande wa pili utakuta 进水口, maji yanapoingilia.