Picha ya babu akiwa Keya huko Burma: nisaidieni kusoma alama za begani na kofiani

MjukuuWaKitangari

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari zenu. Naomba msaada kwenye jambo ambalo wiki ya pili sasa linanikosesha usingizi. Mimi nipo Kitangari, Newala. Masika haya paa la bibi lilivuja usiku tukaamka kutoa masanduku, asubuhi tukawa tunaanika nguo uani, sasa kwenye sanduku la bati chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga kilichochakaa, tukakuta picha ya marehemu babu akiwa na sare ya jeshi pamoja na nyota ya shaba. Kwamba babu alikuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu) na alipigana na Wajapani Burma vita ya pili ya dunia hilo ukoo mzima tunalijua, ila picha hiyo hata mama yangu ambaye ni mtoto wake wa kwanza hakuwahi kuiona.

Picha ni ndogo, inaenea kwenye kiganja. Wapo watatu, babu ndio wa kulia. Ni studio maana nyuma yao kuna pazia lililochorwa minazi, na nyuma ya karatasi kuna muhuri uliofifia, neno linalosomeka vizuri ni Colombo tu. Kofia ni ile pana iliyokunjwa upande mmoja, na pale ilipokunjwa kuna kitambaa chenye alama mbili ambazo sizielewi, moja kama saba yetu, nyingine kama reki ndogo yenye mkia. Begani kuna kichwa cha mnyama mwenye pembe puani, mimi nasema kifaru, mjomba anasema nguruwe pori.

Sasa shida yangu hasa ni hii. Babu alikuwa anasema yeye alikuwa wa mbele, wale wanaotangulia porini siku kadhaa kuangalia adui yuko wapi kabla wenzao hawajaja. Binamu yangu wa Dar akatafuta mtandaoni akasema basi huyo atakuwa Chindit, wale makomando wa jenerali Mwingereza Wingate waliopigana nyuma ya Wajapani, na nyota hiyo ni hela nzuri. Tayari kuna mtu amemtafuta anataka kuinunua. Bibi hataki, wajomba wanataka. Naomba anayejua aniambie, hizo alama zinaonyesha kweli babu alikuwa mpelelezi? Na hiyo nyota ni ya nini?

UstadhWaMikindani

Waalaikum salaam ndugu yangu na pole kwa paa la bibi. Hiyo ya kofiani usihangaike sana, umesoma madrasa? Hizo ni tarakimu za Kiarabu. Hiyo unayoiona kama saba ni sita, ٦, mtoto wa chuo yeyote hapa Mikindani angekusomea. Keya walikuwa na utaratibu wa kuvaa namba ya kikosi chao kofiani kwa tarakimu za Kiarabu, ulianza tangu enzi za kofia zile za tarbushi.

Sasa hiyo reki ndio ya kuangalia kwa makini. Chukua kioo cha kukuza, au ipige kwa simu halafu vuta karibu, uhesabu meno ya juu. Yakiwa mawili ni mbili, ٢, yakiwa matatu ni tatu, ٣. Na ukumbuke namba kwa Kiarabu zinaandikwa vilevile kama zetu, makumi kushoto mamoja kulia, usije ukaisoma kinyume ukapata sitini na kitu. Kwa hiyo babu yako ni 26 au 36.

MjukuuWaKitangari

Ustadh Mungu akuzidishie, mimi chuo nilitoroka mapema ndio matokeo yake haya. Kioo sina ila kesho nakwenda Newala mjini kwa fundi saa nitaazima.

MstaafuNachingwea

Kijana, nimesoma ulichoandika nimefurahi sana, maana mambo haya wengi wanayaachia mchwa. Baba yangu mdogo naye alikuwa Keya, nimekaa miaka mingi nakusanya habari zao, ngoja nikueleze ninachokijua.

Kwanza iwe 26 au iwe 36, zote ni za Tanganyika. Kikosi cha Tanganyika kilikuwa cha 6, vita ilipokuwa kubwa vikaongezwa 26, 36 na 46, ndio maana vyote vinaishia na sita. Hicho kichwa ni kifaru, mjomba mwambie aache ubishi, ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. 26 na 36 zote zilikuwa humo, ila brigedi tofauti, 26 ilikuwa Brigedi ya 25 na 36 ilikuwa Brigedi ya 26, namba zinachanganya kidogo hapo kuwa makini. Kwa hiyo kofia na bega vinakubaliana, na Colombo pia inakubaliana maana divisheni ilivushwa kwa meli kutoka Mombasa ikakaa kwanza Ceylon, ndio Sri Lanka ya leo, kufanya mazoezi ya msituni. Ndio ikapelekwa Burma mwaka 1944.

Chindit hapana. Chindit walivaa alama ya chinthe, yule mnyama kama simba anayekaa kwenye milango ya mahekalu ya Burma. Waafrika walikuwemo kweli kwenye safari ya 1944 lakini ni brigedi ya Wanigeria. Hao wa Afrika Magharibi wengine ndio wa Divisheni ya 81 alama yao buibui. Mwambie binamu kifaru hakihitaji kuazima jina la mtu.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Alama ya begani inakwambia mtu alikuwa jeshi gani, haikwambii alifanya kazi gani. Mpishi wa divisheni alivaa kifaru, dereva alivaa kifaru, jenerali wao Fowkes naye ni kifaru hichohicho. Na watu wa doria hawakuwa kabila la peke yao lenye beji yake, kila kikosi kilitoa watu wake kwenye makampuni ya kawaida, wanachaguliwa wenye macho, wenye miguu na wenye subira. Afu kitu kingine, watu wanaokwenda mbele mara nyingi wanavua alama zote, maana ukiuawa au ukikamatwa na kifaru begani Mjapani amejua palepale yuko mbele ya nani. Ndio maana ukiona picha ya studio mtu amevaa kila kitu kimenyooka ujue hiyo ni kambini au likizo, msituni alikuwa na matope tu. Picha haiwezi kukuonyesha upelelezi wake. Maneno yake ndio ushahidi wako, na hayo yapo kwa bibi. Muulize bibi kabla hujauliza beji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Agosti 1944 divisheni ilianzia Tamu ikashuka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya kule, barabara ikageuka uji, magari yakazama, chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege kwa miavuli. Bonde lile lilikuwa na malaria mbaya na homa ya utitiri wa majani hadi askari wakaliita Bonde la Mauti. Wajapani wanarudi nyuma lakini wanaacha watu wamejichimbia mashimoni, huwaoni mpaka uko hatua kumi. Sasa jeshi zima haliwezi kutembea hivyo bila macho, ndio wanatumwa watu wachache mbele, siku mbili tatu au zaidi, hakuna kuvuta sigara, hakuna kuwasha moto, hakuna kukohoa, wanalala chini ya majani wanahesabu nyayo na moshi na njia za maji halafu wanarudi kusema. Kwa kijana aliyekulia kufukuza nguruwe mashambani kwenye vichaka vya Makonde mambo ya kusoma nyayo hakuyajifunza Ceylon bwana, alikwenda nayo.

Katikati ya Novemba wakakutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 hapo Kalemyo, tarehe 2 Desemba wakaingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Pale wahandisi wakajenga daraja la chuma la kuelea, futi 1,154, wakati ule hakukuwa na refu kama hilo la aina yake duniani. Jeshi la jenerali Mwingereza Slim lililopita juu yake kwenda kuikomboa Burma lilipita njia iliyofunguliwa na Keya. Hilo nalisema kwa uchungu maana picha rasmi zipo nyingi kwenye jumba la makumbusho ya vita la London, zile za Burma zina herufi SE mbele ya namba, unazifungua unaona vijana wetu kabisa, sura za huku huku, chini wameandika jina la afisa Mwingereza na wa kwetu ameandikwa askari wa Afrika Mashariki basi. Ndio maana picha ya kwako yenye watu watatu na bibi aliye hai anayewajua kwa majina ni mali kuliko hizo zote.

BintiMasasi

Mimi sina utaalamu ila nimesoma nikalia. Kaka mkubwa wa bibi yangu alichukuliwa mizinga akapanda meli Mombasa hakurudi. Ukubwani ndio nikaja kujua ile meli iliitwa Khedive Ismail, tarehe 12 Februari 1944 ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives ikazama kwa dakika chache tu, watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa Kikosi cha 301. Kwetu hakuna hata picha. Hakuna hata kitufe cha shati. Kaka nakuomba sana usiiuze hiyo nyota, wewe una kitu cha kushika mkononi.

FundiPichaLindi

Ndugu wa Kitangari, mimi nina studio huku Lindi mwaka wa kumi na tisa huu, picha za zamani napokea karibu kila wiki. Tafadhali usiipeleke kwa mtu akaifunga laminesheni. Nimeona picha za wazee za thamani zimeuliwa hivyo, ule moto unaunguza sura na ukishabandika hakuna kubandua. Iliyoloa iache ikauke kivulini, sura ikiangalia juu, usiifute na kitambaa hata kama ina vumbi. Ikikauka iskaniwe pande zote mbili, ule muhuri wa nyuma usiusahau, na iskaniwe kwa 600 dpi (nukta kwa inchi) usikubali 150 ya kwenye steshenari. Ukiweza kuleta huku nitakufanyia, sitaki hela. Halafu ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, mfuko wa nailoni kwa joto letu hili na unyevu unatengeneza jasho ndani, picha inaota ukungu. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, peni inatoboa mpaka mbele.

Kuhusu nyota. Iangalie katikati kuna maandishi ya kuzunguka herufi za mfalme zenye taji juu, yakisomeka Burma Star basi ndiyo, nyota za vita ile zote zina ncha sita na umbo moja, kinachotofautisha ni hayo maandishi na utepe. Utepe wa Burma ni bluu iliyoiva pembeni, nyekundu pana katikati, na kwenye kila bluu kuna mstari wa machungwa. Ukiukuta rangi ya mchanga hiyo ni ya Afrika, walipewa wa Abisinia, ndio Ethiopia ya leo, na huko kaskazini. Geuza nyuma. Nina hakika pako patupu, maana Waingereza hizi nyota walizitoa bila kuchonga jina. Hapo sasa wajomba wasikilize vizuri. Ikiwa kwa bibi, ndani ya kanga ile na picha ile, ni nyota ya mzee wenu. Ikivuka mlango ikaenda kwa huyo mnunuzi inakuwa nyota kama zingine elfu, hakuna awezaye tena kusema ilikuwa ya nani.

MjukuuWaKitangari

Nimerudi jamani. Kioo nimepata. Reki ina meno matatu, nimehesabu mara nne na fundi saa akahesabu na yeye. Ni 36. Nyota imeandikwa Burma Star na nyuma ni patupu kabisa kama ulivyosema fundi. Utepe umepauka sana ila ukiukunjua pale ulipokuwa umejikunja rangi ya machungwa bado ipo, kauzi kembamba, imenishtua maana nilidhani babu aliivaa mara nyingi, kumbe bibi anasema hajawahi kumuona ameivaa.

Mzee wa Nachingwea nimefuata ushauri wako, jana nilikaa na bibi toka magharibi mpaka saa nne usiku. Amesema mambo mengi mengine nitayaandika nikitulia. Alisema babu alikuwa anamsimulia vidonge vya njano walivyonywa kila siku vya malaria mpaka macho yakawa kama ya mgonjwa. Akasema kwa miaka yote waliyoishi, usiku babu hakuwasha kiberiti akiwa nje, hata akiwa shamba la mikorosho analinda alikuwa anakaa gizani, na alikuwa anasimama ghafla anashika mkono wa bibi anasikiliza, halafu ndio wanaendelea na safari. Bibi alidhani ni uchawi anaogopa.

Nikamuonyesha picha kwenye simu niliyoikuza. Wa katikati amemtaja jina lake na la baba yake, alikuwa mtu wa Mahuta, alikuja kwenye harusi yao na mbuzi. Wa kushoto bibi hajawahi kumuona kwa macho. Babu alimwambia tu kwamba huyo walitoka wote siku moja kwenda mbele, watu wanne, wakarudi watatu, na ndio sababu picha ilikaa chini ya sanduku.

Nyota haiuzwi, mama amewaambia wajomba na wamekubali. Fundi naja Lindi Jumamosi na basi la asubuhi. Na kama kuna mtu wa Mahuta humu ambaye babu yake alikuwa Keya 36, mrefu, mweusi, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekatika kwenye kiungo, naomba anitafute, nitamtolea nakala yake.