Kujitolea kupanda mikoko Gazi: safari kama hizi zinawafaa wenyeji?

Katibu wa klabu ya mazingira, Nairobi:

Habari zenu, ndugu zangu. Hivi karibuni klabu yetu ya chuo ilikwenda kujitolea Gazi, kaunti ya Kwale, ambako wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 mradi huo umekuwa ukilipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, na mapato yake yameingia katika maji ya bomba na mahitaji ya shule. Tulifundishwa kuchagua mbegu za mkoko, zile ndefu zinazochipua zikiwa bado juu ya mti, na kuzichomeka topeni wima, ncha ikitazama chini, bila hata kuzipitisha kitaluni.

Tangu turudi hatujakubaliana. Wapo wanaosema kwamba tumetoa mchango mkubwa, na wapo wanaosema kwamba akina mama waliotufundisha wangeimaliza kazi ile upesi zaidi bila sisi, na kwamba nauli yetu ingewafaa kuliko mikono yetu. Mimi nilirudi nikiupenda msitu ule kwa namna ambayo darasa halikuwahi kunipa, lakini sitaki mapenzi yangu yawe mzigo kwa watu wengine. Je, safari ijayo tuipangeje ili mwenyeji naye anufaike?

Mama wa Msambweni:

Mwanangu, ahsante kwa kuuliza, maana wengi huja, hupiga picha, wakaondoka. Mimi ni jirani wa huko, na neno langu la kwanza ni kuhusu maji. Wageni huchagua tarehe kwa kufuata likizo zao, ilhali kazi ya mikokoni hufuata mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana katikati ya asubuhi, na mtu hupata saa kadhaa za kufanya kazi kwenye tope. Mkija wakati wa maji mafu, siku za nusu mwezi, bahari hairudi mbali, nanyi mtashinda mmekaa barazani mkisubiri huku sisi tumeacha shughuli zetu kwa ajili yenu. Iulizeni kamati ya kijiji tarehe kwanza, kisha ndipo mtafute basi. Chakula na malazi vilipieni kwa bei ya haki, wala msione haya kutaja fedha, kwa sababu mama anayewapikia ameacha biashara yake siku hiyo.

Mhitimu wa misitu:

Naunga mkono aliyosema mama, na ningependa kuongeza jambo ambalo wanaojitolea hawaelezwi vya kutosha: kupanda ndiyo sehemu rahisi. Kabla ya kuchomeka mbegu, ni lazima kujua kama mikoko ilikuwapo mahali hapo na kwa nini ilitoweka. Msitu wa Gazi ulikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, kwa hiyo upandaji wa majaribio ulioanza mwaka 1991 ulikuwa na maana, kwa kuwa kilichokosekana kilikuwa miti yenyewe. Kule Mwache, Mombasa, mambo yalikuwa tofauti: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi uliofunika mizizi, na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Ukipanda mahali kama hapo kabla tope halijatulia, unaiua miche pia.

Kila aina ya mikoko nayo ina makazi yake, na mkoko mliopanda ninyi ni aina moja tu. Mlilana hustahimili upande wa bahari, mkoko hufuata nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu hufika hadi karibu na nchi kavu. Kundi linalojaza mbegu za mkoko ufukweni kwa sababu tu zinapatikana kwa wingi litaziona zikisombwa na mawimbi, na zilizobaki zitaliwa na kaa.

Kwa maoni yangu, klabu yenu ingefaa zaidi kama ingechukua eneo moja na kulirudia kila muhula, ikihesabu miche iliyo hai na kuziba mapengo kwa maelekezo ya wenyeji. Pia wasaidieni wenyeji kupanda mivinje upande wa nchi kavu, kwa sababu familia inayopata nguzo na kuni za mvinje haina haja ya kuingia msituni na shoka.

Katibu wa klabu ya mazingira, Nairobi:

Shikamoo, mama, na ahsante, kaka. Nimeyasoma majibu haya mbele ya kamati yetu. Tumekubaliana kuiandikia kamati ya kijiji kuomba tarehe za bamvua, kuuliza kama wanahitaji watu wa kuhesabu miche, na kujua malipo ya mapishi na ya waelekezaji kabla hatujakusanya michango. Wakisema kwamba muhula huu hawahitaji wageni, tutatuma mchango wa mivinje na kubaki chuoni.

Mama wa Msambweni:

Marahaba, mwanangu. Waandikieni mapema, kabla ya masika, barabara ikiwa bado inapitika vizuri.