Pensheni ya marehemu kwenu iligawanywaje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za humu. Niko Tabora mjini, jirani yetu kafariki, alikuwa mwanachama NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kaacha wake wawili na watoto, arobaini haijafika ndugu washaanza kupiga hesabu. Mliopitia tuambieni.

Mama wa Ujiji:
Poleni. Wangu naye alikuwa NSSF na tulikuwa wake wawili hivyo hivyo. Kwenye kikao cha ukoo shemeji mkubwa akatangaza pensheni itagawanywa kidini, wajane mtachukua thumuni yenu (moja ya nane) mgawane, watoto zao, haya tukaitikia. Kufika ofisi za NSSF tukaambiwa pensheni ya kila mwezi haiingii kwenye mirathi, inaenda kwa wategemezi kwa asilimia za sheria, 40 ya mjane na 60 ya watoto wanagawana sawasawa, na wajane mkiwa wawili hiyo 40 inakatwa katikati, yani 20 mimi 20 bi mdogo. Shemeji akauliza, "na sisi ndugu?" Dada wa kaunta hata macho hakuinua, "baba, hapa ndugu hawamo." Nilijiziba na mtandio jamani, msiba nao una vituko.

Muha wa Kasulu:
Sisi ilitutesa vyeti. Kazini mzee alijulikana kwa jina la ukoo, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu wakaandika la babu, mara kiapo, mara barua ya mtendaji, mtoto anadaiwa ada huku.

Mjomba Urambo:
Kwani msimamizi wa mirathi kazi yake nini sasa?

Mama wa Ujiji:
Nyumba, shamba, hela za benki, hayo ndo yake. Ila mtoto akitimiza 18 hiyo ya mwezi inakata, akiwa bado anasoma inaenda hadi 21, kwahiyo barua ya shule muhimu.

Binti Kibondo:
Ambao marehemu alikuwa mtumishi wa umma msifuate hizo hesabu za NSSF. Baba alikuwa mwalimu, makaratasi yote yameandikwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, nikazunguka weee, kumbe tangu 2018 waliiunganisha na mifuko mingine, LAPF, PPF na GEPF, ukawa mfuko mmoja, PSSSF.

Aliyeuliza:
Asanteni sana. Bi mkubwa cheti cha ndoa anacho, bi mdogo ndo hana, walifungishwa nyumbani tu. Shehe aliyewaozesha yupo hai, Ijumaa nampeleka bi mdogo akamwone kuhusu hicho cheti.