Suzanne Lenglen kuacha tenisi ya ridhaa 1926: alidai haki yake au aliuza jina?

#1
Wakuu, kila akitajwa Lenglen hakosekani mtu wa kusema alivunja heshima ya tenisi kwa kufuata dola. Mimi nasema wanaomlaumu hawajapiga hesabu.

Mfaransa huyu alitwaa Wimbledon mara sita: 1919 hadi 1923, kisha 1925. Februari 1926 akakutana na Mmarekani Helen Wills huko Cannes. Waliokosa nafasi walipanda miti na mapaa ya nyumba. Lenglen akashinda 6-3, 8-6, na kanuni za ridhaa zilimkataza kulipwa hata senti kwa kucheza. Mapato ya mlangoni ni ya wengine.

Mwaka huohuo promota C. C. Pyle akamwekea mezani dola 50,000 azunguke Marekani akicheza kwa kulipwa. Akasaini. Klabu ya All England, waandaaji wa Wimbledon, ikamfutia uanachama wa heshima! Klabu hiyohiyo iliyohamia uwanja mkubwa wa Church Road mwaka 1922, wakati umati ukimfuata yeye.

Ridhaa ilikuwa sheria ya wenye nacho. Kama huna wa kukulipia nauli na hoteli, umeshatolewa kabla hujashika raketi. Karibuni.

#2
Mkuu, hapo kwenye wenye nacho umejifunga goli mwenyewe. Baba yake alikuwa na mali, tena ndiye aliyemfundisha tangu utotoni. Kanuni unazozilaani ndizo zilizombeba.

Na mbona umeruka Wimbledon ya 1926? Ratiba ilibadilishwa, yeye akasema hakuambiwa, Malkia Mary akakaa jukwaani kumsubiri bure. Baadaye akajitoa kwenye mashindano. Uingereza palikuwa pameshamchachia, Pyle akatokea na pochi. Msitupambie habari za ukombozi.

#3
#2 unajadili tabia, mada ni kanuni. Mwenye baba tajiri halipwi jasho lake?

Tena jasho kweli. Hiyo mechi ya Cannes, seti ya pili, Lenglen anaongoza 6-5, 40-15, pointi moja tu amalize mechi. Wills anapiga, sauti inasikika "nje!", wanapeana mikono, watu wanaanza kumiminika uwanjani. Ghafla mwamuzi wa mstari, Lord Charles Hope, anasema si yeye aliyeita, ni mtu wa jukwaani. Mechi inarudishwa, Wills anasawazisha 6-6. Lenglen alikuwa hoi, alishakunywa konyaki mara kadhaa wakati wa kubadilishana upande, na bado akarudi kumaliza 8-6. Kama hiyo si kazi, sijui kazi ni nini.

#4
Mimi swali langu ni moja: ile ziara ilimsaidia nani zaidi yake? Usiku wa kwanza, Madison Square Garden, waliingia watu kama 13,000. Safi. Lakini mpinzani wake Mary K. Browne, bingwa wa Marekani wa 1912 hadi 1914, alikuwa na miaka 35 na alifungwa mechi zote 38. Nani atatoa kiingilio kuangalia matokeo anayoyajua? Pyle mwenyewe hakuandaa ziara ya pili.

Ridhaa ikaendelea kutawala mpaka 1968, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa. Na hata mwaka huo, Wimbledon ilimpa bingwa wa wanawake Billie Jean King pauni 750, bingwa wa wanaume Rod Laver 2,000. Kwa hiyo msiniambie Lenglen aliwafungulia wanawake njia. Alipata chake akaondoka.

#1
#4 umekuja na hoja nzito, #2 ameleta umbea wa jumba la kifalme.

Lakini mkuu, mpinzani dhaifu si kosa la Lenglen. Aliyekuwa na uwezo wa kujaza viti naye ni Wills, na Wills alibaki ridhaa. Ungekuwa wewe, umeona bingwa wa mara sita anavyotupwa nje ya klabu, ungemfuata?

Wills akatwaa Wimbledon mara nane bila kulipwa. Wanaotetea ridhaa waniambie, mapato ya fainali hizo nane alikula nani?