Tuliowahi kuwaokea marafiki kapkeki na biskuti za mapambo, tupeane uzoefu

Vidole vya Bluu (Mwanga, Kigoma)

Wapendwa habari za jioni. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, vidole vitatu vya mkono wa kulia vina rangi ya bluu tangu Ijumaa. Nimesugua kwa limau, nimesugua kwa majivu, wapi. Ndiyo maana nimejipa jina hilo hapo juu.

Mimi si mfanyabiashara. Naoka nyumbani, nawaokea marafiki, basi. Wiki iliyopita mtoto wa shosti wangu wa tangu sekondari, anayekaa Ujiji, alikuwa anatimiza mwaka. Baba mtoto yupo kwenye dagaa pale Kibirizi, kwa hiyo nikajitia ubunifu: kapkeki 36 zenye maua ya krimu ya bluu na nyeupe kama mawimbi ya ziwa, na biskuti 40 za umbo la mgebuka. Sasa kikatio cha mgebuka utakipata duka gani? Nikachora samaki kwenye boksi la sabuni, nikamkata, nikawa namlaza juu ya donge na kumfuatisha kwa ncha ya kisu. Kumi wa kwanza walitoka wembamba, wazuri. Kufika wa kumi na moja donge limeshapata joto la jikoni, linalegea, mikia inabaki mezani. Wakiingia kwenye oveni wanatanuka ubavuni. Mwanangu akaja akachungulia, "Mama, hizi kandambili za nani?"

Hilo nililimudu. Nililirudisha donge kwenye friji nusu saa, na samaki waliokwishakatwa nikawapoza dakika kumi kabla ya moto. Wakatulia.

Kilichoniua ni krimu. Nilisoma mahali kwamba siagi halisi ya maziwa ndiyo tamu, nikaacha margarini yangu ya siku zote nikanunua siagi, tena ya bei. Usiku ule maua yalisimama hadi nikapiga picha. Kesho yake saa nane mchana nikapanda bajaji, maboksi matatu mapajani, Mwanga hadi Ujiji. Jua mnalijua. Siagi halisi haisubiri hata joto la mwili wako, inaanza kulegea mapema, na mimi nimeikumbatia! Kufungua boksi la kwanza, maua yote yamelala ubavu kama abiria wa treni alfajiri. La pili, bluu imeshuka ikaingia kwenye nyeupe. La tatu sikulifungua mbele za watu.

Watoto walikula hivyo hivyo kwa kulamba. Shosti akanikumbatia, akasema "nitakutumia kitu kwenye simu". Leo siku ya tano. Simdai, ila pia simu naiangalia.

Naomba mnisaidie mambo mawili: joto mnalifanyaje, na marafiki mnawatoza?

Asali Mbichi (Isevya, Tabora)

Mwangaluka wote! Pole dada, Oktoba ya Tabora ilinifundisha hayo hayo kwenye kitchen party ya mdogo wangu.

Siku hizi kwa shughuli ya mchana situmii siagi tupu. Margarini robo kilo, sukari ya aisingi (ile laini kama unga) nusu kilo, maziwa ya baridi kijiko kimoja kimoja hadi krimu ikae kwenye mwiko bila kudondoka. Ukitaka ladha ya siagi, weka robo yake tu. Kapkeki zipoe kabisa kabla hujapamba. Ukiweka kiganja chini ya keki ukasikia hata uvuguvugu, subiri. Napamba saa kumi na moja alfajiri, na kwenye usafiri natumia deli, lile la wauza aiskrimu: chupa mbili za maji yaliyoganda chini, taulo kavu juu yake, kisha maboksi. Taulo usilisahau. Mara ya kwanza nililisahau, karatasi za kapkeki zikalowa zikaachana na keki zenyewe.

Ila nilichokuja kusimulia ni biskuti za asali. Huku kwetu asali si kitu cha kutafuta, kila nyumba ina chupa. Rafiki yangu mmoja wa Kanyenye alikuwa anaaga kuhamia Dodoma, nikasema nimtengenezee biskuti zenye umbo la embe kwa asali badala ya sukari, akumbuke miembe ya Tabora. Nikabadilisha kikombe kwa kikombe. Zikawa nyeusi pembeni wakati katikati bado mbichi! Kumbe asali inaungua mapema kuliko sukari, na ina maji yake. Sasa kikombe cha sukari nakibadilisha kwa robo tatu kikombe cha asali, napunguza kimiminika kingine, na moto naushusha kidogo. Na donge lilale kwenye friji usiku mzima, maana linanata kama gundi.

Jambo jingine: asali inavuta unyevu. Biskuti zinatoka ngumu, baada ya siku mbili zimelainika. Wengine wanaona kasoro, mimi nazipenda hivyo na chai ya rangi. Asali ya nyuki wadogo usiipeleke motoni kabisa. Ni nyepesi mno na ina ukakasi wake, utapoteza dawa na hela.

Mpishi Suruali (Katubuka, Kigoma)

Mimi ni mwanaume, na ninaoka kwa mkaa. Nimeyasema yote mawili kwa mkupuo ili mcheke mara moja tuendelee.

Sufuria kubwa la kupikia ubwabwa wa shughuli, mchanga safi chini unene wa vidole viwili, funika, moto wa wastani dakika kumi na tano lipate joto kwanza. Halafu ndiyo unaingiza kapkeki, unarudisha mfuniko na kuweka makaa machache juu. Makaa ya juu yawe machache kweli. Mara ya kwanza niliyamwaga kama nachoma mahindi, kapkeki zikafanya ukoko juu dakika ya saba, ndani uji. Zikapasua ukoko, ule uji ukatoka kama volkano.

Shida nyingine ilikuwa bati la kapkeki sikuwa nalo. Vile vikombe vya karatasi pekee yake havisimami, unga ukiingia vinatanuka vinakuwa sahani. Nikaazima vikombe vya bati vya chai kwa mama, kila kikombe nikakitumbukiza karatasi mbili, nikajaza hadi theluthi mbili. Vilipanda vizuri sana. Mama alikuja na wageni, akakuta vikombe vyake vyote vipo mchangani. Sitasimulia alichosema.

Niliwapelekea wenzangu wa timu ya mpira baada ya mechi. Walinitania wiki nzima, lakini sahani ilirudi tupu, na kipa sasa hivi ananiulizia kila Jumamosi.

Mzee wa Kibirizi

Hela yote hiyo ya aisingi si mngenunua mgebuka wa kweli mkala na ugali?

Mpishi Suruali (Katubuka, Kigoma)

Mzee, mgebuka wa kweli hauna jina la mtoto mgongoni.

Shangazi Mawese (Kasulu)

Naona mnalia na siagi. Mimi niliishiwa margarini saa tatu usiku, duka limefungwa, biskuti zinatakiwa asubuhi kwa jirani yangu aliyejifungua. Kasulu nyumba haikosi mawese. Nikajiambia mafuta ni mafuta.

Biskuti zilitoka rangi ya machungwa iliyoiva, nyumba nzima inanukia maharage. Nilipaka aisingi nyeupe nene juu nikidhani nitaficha, ikawa inaonekana pembeni kama shati lililotoka nje ya suruali. Wageni wakala. Mmoja akaniuliza kama nimeweka karoti, nikasema ndiyo. (Na wala sikudanganya sana, rangi ya mawese na ya karoti ni ndugu.) Harufu ndiyo ilikuwa mtihani. Baadaye bibi mmoja wa Buhigwe akaniambia ningeyachoma kwanza hadi wekundu upungue, kisha niyaache yapoe kabisa. Nimejaribu, harufu inapungua, ila usimame na dirisha wazi maana moshi wake si mchezo. Kwa biskuti za tangawizi yanakubali. Za vanila hapana, achana nayo.

Daftari la Mkaa (Cheyo, Tabora)

Kwenye kuwatoza marafiki nina la kusema, maana niliumia.

Rafiki yangu aliniomba kapkeki 24 za kumuaga bosi wao. Nikamwambia "nipe elfu ishirini tu, wewe si mtu baki". Usiku nikachukua daftari. Margarini 6,000, unga na sukari 3,500, mayai 2,000, aisingi 5,000, vikombe vya karatasi 2,000, rangi na vanila 2,500, mkaa 2,000, maboksi 3,000, bodaboda 3,000. Jumlisha mwenyewe: 29,000. Yaani nimemlipa elfu tisa anipe kazi ya kukesha. Na bosi mwenyewe anayeagwa wala simjui.

Tangu hapo nimegawa marafiki mafungu mawili. Wa karibu kabisa, ambao mimi nikiugua ndio watakaonipikia uji, hao natoa mwenyewe kapkeki kumi na mbili, zawadi, sitaki hata mia. Zikizidi kumi na mbili nunua vitu, mikono yangu bure. Namwandikia orodha, analeta mfuko kamili, nampa na chenji ya unga uliobaki. Fungu la pili ni wale wa "rafiki yako aliniambia unapika". Hao ni wateja, wakitaka wasitake. Nusu mbele.

Dada wa bluu, samahani, 36 na biskuti 40 bila kutaja bei kabla ilikuwa ni wewe mwenyewe umeanza.

Kofia Nyeupe (Tabora mjini)

Naongeza kwenye aisingi ya biskuti, ile ya ute wa yai inayokauka ikawa ngumu. Ute wa yai moja kwa kama gramu 180 za sukari ya aisingi, matone ya limau. Bakuli lisiwe na hata chembe ya mafuta, la sivyo ute hautafura hata upige hadi kesho. Mabakuli ya plastiki yanaficha mafuta, tumia la kioo au bati. Ya kujaza katikati ya biskuti ichanganye na maji tone kwa tone. Pitisha kisu juu yake, mstari ukipotea unapohesabu kama kumi, imefika. Ukipotea kwenye tatu itamwagika pembeni.

Kosa langu: mahafali ya chekechea, kofia nyeusi juu ya biskuti nyeupe, mvua za Machi. Nyeupe haijakauka vizuri nikaweka nyeusi juu. Asubuhi kila kofia ina ndevu. Kipindi cha mvua ile aisingi inakunywa unyevu wa hewa, ipe usiku mzima chini ya feni. Na nyeusi usiitafute kwa kumimina rangi chupa nzima. Anza na kakao, kisha rangi kidogo, iache masaa machache, itakolea yenyewe.

Halafu ute ule ni mbichi, jamani. Mimi kazi yangu ni zahanati. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa waokee biskuti tupu, au changanya aisingi kwa maziwa badala ya ute. Haitakuwa ngumu sana lakini italiwa kwa amani.

Vidole vya Bluu (Mwanga, Kigoma)

Nimerudi. Asanteni, nimeandika yote nyuma ya kalenda. Daftari la Mkaa, umenichapa lakini ni haki yangu.

Sasa sikieni. Leo saa nne bodaboda kasimama getini, ameshika ndoo ya lita kumi yenye mfuniko. Dagaa! Wale waliokaushiwa kwenye vichanja, hakuna hata punje ya mchanga, wanang'aa. Juu yake kuna karatasi imekunjwa. Shosti anasema hela bado imekwama, msimu haujawa mzuri, ila mume wake ameniwekea hawa kabla hawajaenda sokoni. Chini kabisa kaandika kwamba mtoto anazishika zile biskuti mbili zilizobaki hataki ziliwe, na je, mwezi ujao kwenye harusi ya wifi yake naweza kutengeneza migebuka mia moja?

Daftari la Mkaa, kabla sijamjibu, hebu nipigie hesabu: ndoo ya lita kumi ya dagaa ni kapkeki ngapi?